Mkaguzi wa Mizani Anasoma Miswada

Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Akiingia sokoni, wauza nyama hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyuma ya duka. Hubeba mkoba wenye mawe ya chuma ya kupimia, kila jiwe na uzito wake umechongwa kichwani, huyapanga kwenye sahani ya mizani bila kusema neno, halafu huinua sahani na kupapasa chini yake. Huko ndiko anakokuta nta, kipande cha risasi, wakati mwingine sumaku. Hafurahi wala hakasiriki. Anaandika, anabandua stika ya mwaka jana, anaondoka, na mwenye duka anabaki akimpa majina ambayo mke wa mtu hapaswi kuyarudia.

Vitabu navyo anavisoma hivyohivyo. Anaanza kwa kuvipapasa chini.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, na sebule yote imetekwa na vitabu. Vimepanda ukutani, vimejaa chini ya kochi, na vingine vimekalia kiti cha mgeni, kwa hiyo mgeni akija tunamtazama kwanza kama ana haraka. Anasoma vya kwetu na vya mbali, vilivyotafsiriwa na vile vya lugha za kigeni ambavyo anavisoma akiwa na kamusi mapajani, akigombana nayo. Waandishi wa nchi za baridi, anasema, wanamaliza sura nzima mtu anaamka tu kitandani, na wako sawa, kwa sababu mtu mwenye huzuni huamka hivyo. Waandishi wa miji mikubwa ya ng'ambo anawadai chakula: unasoma kurasa mia tatu na hukuti mtu anayekata kitunguu, na yeye hamwamini mhusika asiyekula. Tafsiri mbaya kwake ni mizani yenye nta. Unalipa kilo, unabeba robo tatu, na hujui aliyekuibia ni mwandishi au mfasiri.

Wachapishaji anawasema kama watu wengine wanavyowasema wakwe. Riwaya isiyo na maswali ya marudio mwishoni hawaitaki, maana shule hazitainunua. Wakiikubali wanaibana kwa gundi ya mkopo, ukifika katikati kurasa zinakudondokea miguuni. Halafu jalada. Mwanamke analia. Kitabu kinaweza kuwa kinahusu mafundi bomba, jalada litakuwa na mwanamke analia. Na yale maneno ya nyuma, “riwaya ya kusisimua”, anaapa yameandikwa na mtu ambaye hakufika hata ukurasa wa mbele.

Juu ya tuzo, ukimwanzisha, chai itapoa. Dada yake, wifi yangu, ni mshonaji na hasomi zaidi ya vipimo vya viuno, lakini anapenda kumchokoza. Siku moja alimwuliza, “Kaka, ile tuzo kubwa ya dunia, mwaka huu umeridhika?”

“Sana,” akajibu. “Wamempa mtu ambaye juzi hakuna aliyemjua. Leo kila mtu eti alikuwa anamsoma tangu utotoni.”

“Sasa ulitaka wakupe wewe?”

“Nataka wapime tena. Mimi nikibandika stika kwenye mizani, ni ya mwaka mmoja. Mwakani narudi. Wao wanabandika stika ya dhahabu mara moja, kitabu kinaishi kwa stika hiyo miaka hamsini, hata kama ndani kimeshaoza.”

Na kweli, stika zile za dhahabu huzibandua kwa ukucha kabla hajafungua kitabu. Nimezikuta zimenasa kwenye soksi zake.

Lakini kuna hukumu moja aliyokuwa akiitoa ambayo haikunichekesha. Alikuwa anasema waandishi wa siku hizi wamegundua njia ya mkato: ua mtoto, upate tuzo. Mzee akifa kitabuni majaji wanapiga miayo. Mtoto akifa wanatoa leso. “Wanamlaza mtoto mezani,” alisema, “halafu wanageuka kuangalia kama tunalia.” Kitabu cha namna hiyo alikifunga hapohapo, hata kama alikuwa amekinunua kwa pesa yake, na hakukifungua tena. Nilijua kwa nini anasema hivyo. Naye alijua kwamba najua. Mazungumzo yetu yalikuwa yanakomea hapo.

Tulikuwa na binti. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu hapo hakupumzika. Taa ikizimwa alikuwa anaogopa, nami nilikuwa namwambia, “Usiogope.” Sijui kichwa chake kilikata neno hilo namna gani, lakini alisikia humo jina la mtu. Asubuhi moja akauliza, “Mama, Ogope ameshaondoka?” Nikauliza Ogope ndiye nani. Akanishangaa. “Si yule unayemwambia kila siku usi, usi, aende zake?”

Baba yake alilipenda neno hilo kuliko neno lolote alilowahi kulikuta kitabuni. Alikuwa anapiga magoti na mkoba wake kando ya kitanda, anaingiza kichwa chini, anatoka na kutoa taarifa: “Nimemkagua Ogope. Leo amepungua uzito.” Likawa neno la nyumba. Akiitwa na mkubwa wake wa kazi aliniambia, “Leo Ogope alinisindikiza mpaka ofisini.” Hapakuwa na nyumba nyingine duniani iliyolisema neno hilo, kwa sababu halikuwa neno, lilikuwa kosa la mtoto mmoja.

Chiriku alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, kabla hajavaa sare ya shule. Baba yake alitufikisha hospitali asubuhi, akatuacha wodini, akatoka na mkoba wake. Alirudi jioni, mkoba begani, kila kitu kimekwisha. Alikuwa kazini. Sikumwuliza na hakunieleza. Watu wa nje waliendelea kuniita Mama Chiriku, lakini yeye ndani ya nyumba aliacha, akaanza kuniita mwenzangu. Vitabu vilianza kuongezeka wakati huo. Zamani alikuwa anasoma. Baada ya hapo alihamia humo.

Mimi ni mpiga chapa kwenye duka la vifaa vya ofisi. Nachapa barua za watu za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, malalamiko kwa jirani. Wateja wakikatika, nilikuwa naandika vyangu. Nilianza na ukurasa mmoja, wodi ile na pazia lake, nikidhani nitaufuta. Sikuufuta. Zikafuata nyingine, nyingi kuliko nilivyokusudia, mpaka mwenye duka akaniuliza huyo mteja wa mkataba mrefu hivyo ananunua nyumba au mtaa.

Niliandika kwa hasira, niseme ukweli. Baba wa kitabuni nilimwacha kazini kwake huku mtoto anamaliza pumzi. Nilimpa mchana mzima wa kazi, nikamwonyesha anafanya kila kitu vizuri na kwa utaratibu, na sikumpa neno moja la kumtetea. Nilipomaliza ukurasa huo nilijisikia nafuu ambayo sikuipenda.

Maktaba ya mji ilikuwa imetangaza tuzo ya miswada ambayo haijachapishwa. Nikaamua kupeleka. Sikuwa na ndoto ya stika ya dhahabu. Nilitaka tu mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, asome hadi mwisho. Kabla ya kupeleka nikaficha. Binti nikamgeuza mvulana. Mkaguzi wa mizani nikamgeuza fundi umeme, nikampandisha kwenye ngazi afunge taa za duka la watu. Likabaki neno la Chiriku, limejaa kitabu kizima. Kompyuta ina amri ya kutafuta neno na kubadilisha kila lilipo kwa mkupuo, nami huitumia kila siku: mtu anakuja na mkataba wa jirani yake, nabadilisha jina, nachapa, anaondoka. Nikaiambia itafute Ogope, iweke Zimwi. Ikamaliza kabla sijatoa kidole. Nikachapa bila kurudia kusoma, maana moyo wa kurudia sikuwa nao, nikapeleka, nikapewa namba.

Wiki chache baadaye mkutubi, yule anayesimamia maktaba, alibisha hodi nyumbani kwetu akiwa amekumbatia boksi.

“Mzee,” akamwambia mume wangu, “tumekuwa na miswada mingi kuliko majaji. Tumeamua wasomaji wa kawaida wachuje kwanza. Na hapa mjini nikisema msomaji wa kawaida, samahani, nakuja kwako.”

“Mimi si wa kawaida,” mume wangu akasema, huku ameshalipokea boksi.

Mkutubi akaeleza masharti. Miswada haina majina, ina namba. Mizuri inakwenda kwa majaji, mingine inarudi. Na kama msomaji akimtambua mwandishi, hata kwa kuhisi tu, aandike juu ya ukurasa wa kwanza “namjua”, auondoe, usishindanishwe tena. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ambayo huwa anaitoa kwa sheria tu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai, nikasahau kuiweka chini.

Alipoingia kuoga nikafungua boksi. Namba yangu ilikuwepo, karibu na chini. Niliishika. Ningeweza kuitia chini ya godoro, kuitia jikoni, kuitia popote. Lakini mkutubi alikuwa ameihesabu miswada mbele ya mume wangu, naye akaihesabu tena. Nikaisukuma mpaka chini kabisa, kana kwamba miswada ya chini haisomwi. Maji yakakatika bafuni, nikafunga boksi.

Alitoka akijifuta masikio, akalitazama. “Nani kagusa hapa?”

“Nilikuwa nafuta vumbi.”

“Juu ya boksi lililokuja leo?”

Nikasema vumbi la nyumba hii linajulikana. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akavaa shati.

Kesho yake nilikwenda kwa wifi, ambaye peke yake alijua kwamba naandika. Alinisikiliza na pini mdomoni.

“Mwambie kabla hajaifikia,” akasema.

“Nitamwambiaje, wifi?”

“Kwa mdomo.”

“Atasema nimemuuza mtoto.”

Akatoa pini. “Sasa unaogopa atakasirika, au unaogopa nini? Kaka yangu hajawahi kukuinulia sauti.”

Sikuogopa sauti. Niliogopa ukurasa ule wa fundi umeme. Akiusoma na kujua ni mimi, atajua ninavyomfikiria tangu siku ile, kila ninapomwekea chai, kila ninapomnyooshea shati. Nyumba yetu ilikuwa imesimama juu ya kutokusema huko. Niliogopa kwamba likisemwa tu, atachukua mkoba wake kama alivyouchukua asubuhi ile, na safari hii jioni haitamrudisha. Nilimwambia wifi hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ya haya. Akarudisha pini mdomoni, na huyo ni mtu ambaye hanyamazi.

Mume wangu akawa anasoma akitoka kazini, na Jumamosi mchana kutwa, kwenye meza ya sebule, penseli sikioni. Mimi nilijipa kazi palepale karibu. Nilipiga pasi nguo ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Nilikuwa nasikiliza karatasi. Alikuwa akimaliza mswada anaugonga mezani kunyoosha kingo zake, na kila ulipogonga, mimi nilipungua kidogo.

“Huyu kasoma kitabu kimoja maishani mwake, na sasa anakirudisha,” alisema juu ya mmoja.

Juu ya mwingine, “Huyu jua linazama kila sura. Siku zake hazina asubuhi.”

“Huyu anaandikia watu wa ng'ambo. Anatueleza mvua ni nini.”

Mmoja aliusoma kimya mpaka mwisho, akauweka upande wa majaji kwa mikono miwili. “Huyu ana kipaji,” akasema. “Hajui bado. Natumaini hawatamwambia mapema.”

Halafu Jumamosi nyingine akasoma ukurasa mmoja tu wa mswada mmoja na kuusukumia upande wa kurudishwa. “Mtoto kafa mstari wa kwanza,” akasema. “Hata jina hatujaambiwa.” Penseli ikarudi sikioni. Mimi nikapitisha pasi palepale nilipopitisha.

Nikajipa moyo, moyo wa kipumbavu. Nikasema wangu nao ataufunga hivyo. Atafika mahali mtoto anapopata homa, atausukuma, utarudi maktaba, nitauchukua na kuuchoma, basi. Sikufikiri kwamba mwandishi ambaye alikuwa mimi alikuwa ameanza na mtoto mzima, anayeongea bila kupumzika, na kwamba homa inakuja mbali sana, mtu akiwa ameshampenda.

Aliufikia wa mwisho, alasiri. Niliijua karatasi kwa rangi, ni karatasi ya dukani kwetu. Akasoma ukurasa, akasoma wa pili. Hakutoa hukumu. Akacheka kidogo, kwa pua, kama anavyocheka kitu kikimpendeza. Sijui kama nimewahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kicheko hicho.

Halafu akasema, “Mwenzangu, hebu njoo. Wewe ndiye mpiga chapa. Hiki ni kitu gani?”

Nikaacha pasi. Akaweka ncha ya penseli chini ya mstari. Mama alikuwa anamfunika mtoto shuka, na mama akamwambia: usiZimwi, mwanangu.

Nikaona nilichofanya. Kompyuta ilikuwa imenitii kupita kiasi. Ilitafuta Ogope kila mahali, hata ndani ya matumbo ya maneno mengine, na kila nilipoandika usiogope, kitabu kizima, ikaweka usiZimwi. Nilikuwa nimelificha neno la Chiriku kwa kulitangaza.

“Labda ndivyo wanavyosema huko kwao,” nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

“Wapi huko wanakoweka herufi kubwa katikati ya neno?” Akafunua. “Na hapa, tazama. ‘Tusizimwi’ ameandika sawa? Hapana, Z kubwa tena. Na hapa bibi anawausia wajukuu, wamwZimwi Mungu.” Akacheka kwa sauti. “Wamfanye nini Mungu?”

“Ni makosa ya chapa. Usihangaike nayo.”

“Mtu anayeandika sentensi kama hizi hakosei hivi. Kuna kitu kimebandikwa chini.”

Hapo nikajua imekwisha. Nimemwona akisema hivyo sokoni. Akisema hivyo haondoki mpaka akipate. Nilirudi kwenye ubao wa pasi nikasimama kando, nyuma kidogo ya bega lake, nimelishika shati lake kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anapima. Alichukua karatasi chakavu akaandika usi, akaacha nafasi, akaandika wamw, akaacha nafasi, Mungu. Nilikuwa namwona kwa upande. “Mungu watu humfanya nini,” alikuwa anajisemea. “Humpenda. Wampende. UsiPende? Haiwezekani, mtoto yuko gizani. Humcha.” Penseli ikasimama. “Humwogopa.”

Akaandika. Usiogope. Wamwogope Mungu. Tusiogope. Yakaingia yote, sawasawa, bila kubaki nafasi.

“Alibadilisha neno ogope,” akasema, bado kwa sauti ya kazi, ameridhika. “Sasa kwa nini mtu...”

Akaiweka penseli mezani. Nikamwona anarudi nyuma kurasa kadhaa, mahali ambapo Zimwi limesimama peke yake, jina la mtu. Nilijua ni mahali gani. Mtoto anaamka asubuhi na kumwuliza mama yake. Midomo ya mume wangu ilisogea. Hakutoa sauti, lakini nilimwona akisema sentensi ile yote, na neno lake la kweli likiwa ndani yake.

Nje mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga honi kwa mdomo, apishwe. Mume wangu hakugeuka.

“Mama Chiriku,” akasema.

Nikasema, “Bee.”

“Kaa.”

Nikavitoa vitabu kwenye kiti cha mgeni, nikakaa. Akaurudia ukurasa wa kwanza, akachukua penseli, akaandika juu yake neno lile la masharti, namjua, kwa mwandiko wake wa kazini. Tuzo ilikwisha hapo, na wala sikuikumbuka. Kisha akafunua alipokuwa amefikia na kuendelea kusoma. Nikamwambia ningependa aache. Akasema, “Bado sijamaliza.” Nikamwambia sikuandika ili nipate chochote. Akasema, “Sijakuuliza hilo.” Alisoma polepole kuliko nilivyowahi kumwona akisoma. Hakuugonga ukurasa, hakucheka kwa pua. Alipofika homa nilijua, kwa kuwa aliivua miwani, akaifuta, akaivaa, na hakuufunga mswada.

Niliutazama mkono wake wa kulia. Nilikuwa naungoja ufike ukurasa wa fundi umeme. Nilifikiri nitoke, lakini sikutoka. Ukafunuka. Akausoma hadi chini. Akausoma tena. Mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nikajikuta nautazama huo badala ya kumtazama yeye.

“Umemwacha juu ya ngazi,” akasema.

“Ndiyo.”

“Anafunga taa.”

“Ndiyo.”

“Mchana wote.”

“Ndivyo ilivyokuwa,” nikasema. Ilinitoka kabla sijaipima. Ndilo neno ambalo sikuwa nimelisema tangu siku ile, na lilipotoka nilimwogopa kama mtu aliyevunja kitu mbele ya mwenyewe.

Hakusimama. Aliweka viganja vyote viwili juu ya ukurasa, kama anavyozuia sahani ya mizani isicheze.

“Ukurasa huu si kweli,” akasema.

“Kipi si kweli? Ulitoka na mkoba. Ulirudi na mkoba.”

“Sikwenda sokoni. Nilifika getini nikarudi. Nje ya mlango wa wodi palikuwa na benchi. Ule mlango ambao kioo chake walikipaka rangi nyeupe. Nilikaa hapo.”

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka mwisho.”

Nilimtazama kuona kama anajitetea. Sura yake haikuwa ya mtu anayejitetea. Ilikuwa sura ya wenye maduka sahani inapoinuliwa.

“Kwa nini hukuingia?” nikauliza. “Nilikuwa peke yangu na yeye. Kwa nini uliniacha peke yangu?”

“Niliogopa.”

Alilisema kama lilivyo, neno la kawaida, la watu wote. Nikangoja. Sikuwa na la kumsaidia, wala sikutaka kumsaidia.

“Halafu nikajikaza,” akasema. “Nilisimama. Niliweka mkono kwenye kitasa. Nikamsikia anauliza, baba yuko wapi.” Akaunyoosha ukurasa kwa viganja. “Nawe ukamwambia, baba yuko kazini, anakuja sasa hivi. Unakumbuka?”

Nilikuwa sikumbuki. Kisha nikakumbuka.

“Ulisema kwa sauti nzuri,” akasema. “Akatulia. Alikuamini, nilisikia alivyotulia. Nikajua nikiingia na uso niliokuwa nao, ataona kwamba mambo ni mabaya, na kwamba umemdanganya. Kwa hiyo nikarudi kwenye benchi, nikabaki kazini.”